Sanamaki ni ya usiku mmoja, si chai ya kila siku

Ukiingia duka la dawa za Kisunna kule Langoni, mjini Lamu, ukaomba sanamaki, mara nyingi muuzaji hatakuuliza ni ya nani wala ya nini. Atachota kwa mkono kutoka guniani, au atakupa pakiti iliyosagwa tayari, na maelezo yatakuwa yale yale: "Chemsha unywe, mama, inasafisha tumbo." Sentensi fupi, makosa mawili. Sanamaki haichemshwi. Na hilo neno "kusafisha" ndilo linalowafanya watu wainywe wakati tumbo lao halina tatizo lolote.

Sanamaki ni haluli. Kazi yake ni kufungua choo kilichofunga, basi. Hadithi inayotajwa na kila muuzaji inalisema hilo wazi. Mtume ﷺ alimuuliza Asmaa bint Umays, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa akitumia nini kulainisha tumbo. Akajibu: shubrumu. Mtume akasema hiyo ni ya moto, kali. Baadaye Asmaa akatumia jani la sana, yaani hii sanamaki, ndipo likaja lile neno kwamba lau kingekuwapo kitu cha kuponya mauti, basi kingekuwa sana. Wameipokea Tirmidhi na Ibn Majah, na wanavyuoni wana maneno kuhusu isnadi zake, yaani mlolongo wa wapokezi. Watu wengi hushika mwisho wa mazungumzo hayo wakaacha mwanzo wake. Swali lilikuwa la choo. Shubrumu nayo ni mmea wa jamii moja na mnyaa tunaoupanda ua, wenye utomvu mweupe unaochoma; kwa hiyo mazungumzo yote ni ya kuacha dawa inayokwangua matumbo na kushika iliyo pole zaidi. Anayemeza vijiko vitatu vya unga wa sanamaki "ili atoke vizuri" ameirudisha shubrumu kwa jina jingine.

Ndani ya jani mna vitu viitwavyo senosidi. Vikifika tumboni havifanyi lolote. Hupita utumbo mwembamba vivyo hivyo mpaka utumbo mpana, ambako bakteria wanaoishi humo huvivunja na kutoa kitu chenye nguvu. Hapo utumbo mpana huanza kujikamua, na maji ambayo yangenyonywa kurudi mwilini hubaki ndani yakalainisha choo. Safari hiyo huchukua saa 6 hadi 12. Ndiyo maana hunywewa baada ya Isha, na choo kikapatikana alfajiri au asubuhi.

Kosa la kwanza kwa wingi linatokana na kutojua saa hizo. Mtu anakunywa saa mbili usiku. Saa nne haoni kitu, anaongeza kikombe. Saa sita tumbo bado limetulia, anaongeza cha tatu. Kufika saa kumi alfajiri vikombe vinaanza kazi kwa kufuatana, na mpaka jua linachomoza hana nguvu ya kushuka ngazi. Usiongeze usiku ule ule. Asubuhi ikipita bila choo, subiri usiku wa pili ndipo uongeze kidogo.

Sasa jani lenyewe. Sanamaki maana yake ni sana ya Makka, jina lililotokana na Hijazi, lakini inayouzwa siku hizi hutoka zaidi India na Sudan, na kwa wataalamu wa mimea yote ni Senna alexandrina. Jani la kweli ni dogo, urefu wa sentimita 2 hadi 5, limechongoka kama ncha ya mkuki, rangi yake kijani kilichofifia kuelekea manjano. Chukua moja uliweke kiganjani, utazame pale linapoungana na kikonyo: pande mbili hazilingani, mmoja umeshuka kidogo kuliko wa pili. Ukikuta majani manene, yaliyokunjamana, na pande zake za chini zimelingana sawasawa, hayo si sanamaki. Kuna jani la jangwani ambalo tangu zamani huchanganywa humo ili gunia lijae. Na usimsikilize anayekwambia mjohoro ni "sanamaki ya hapa". Ni kweli miti hii ni ndugu, ila jani la mjohoro ni kubwa zaidi, ncha yake ya mviringo na ina kibonyeo kidogo, na vidonge vilivyotengenezwa kwa majani yake viliwahi kuharibu maini ya watu kule Thailand.

Kwa sababu hiyo mimi sioni haja ya kununua iliyosagwa. Unga hauna sura. Vijiti vimesagwa humo pamoja na vumbi la gunia, na huwezi kujua ni wa mwaka gani. Nunua majani mazima, au afadhali zaidi nunua maganda, yale mabapa yaliyojipinda kidogo, ambayo ukiyainua kwenye mwanga unaona mbegu zimejipanga katikati. Maganda ni pole kuliko majani, hayaleti msokoto mkali, na yana faida nyingine kubwa: yanahesabika. Mtu mzima asiyewahi kuitumia aanze na maganda 4. Hahitaji mizani.

Kwa majani inabidi kupima. Kiasi cha mtu mzima ni gramu 1 hadi 2 kwa usiku, na wa mara ya kwanza aanze na gramu 1 au chini yake. Mizani ya dukani haiwezi kupima uzito huo; mizani ya sonara inaweza, na Lamu masonara hawakosekani. Mwombe akupimie gramu 1 mara moja tu, uitie kwenye kijiko chako cha chai, ukariri imefika wapi. Majani yaliyovunjwa kwa mkono huenda nusu kijiko au kuzidi kidogo. Unga hushikana na kuwa mzito, kwa hiyo kijiko kilekile cha unga kina dawa nyingi kuliko cha majani, na hapo ndipo wengi hujizidishia bila kujua.

Njia ninayoipendelea ni ya kuloweka kwa maji baridi. Chambua majani utoe vijiti vyote. Baada ya sala ya Adhuhuri yatie kwenye kikombe, mimina mililita 150 hadi 200 za maji yaliyochemshwa yakapoa, funika. Maji yachemshwe kwanza hata kama unayanywa hivi hivi kila siku, kwa sababu ya kisima hayafai kukaa saa saba na majani makavu yaliyosafiri guniani, kisha yakanywewa bila kupita motoni. Baada ya Isha chuja kwa kitambaa safi, usikamue, unywe. Maganda nayo hulowekwa vivyo hivyo. Maji baridi hutoa dawa na kuacha nyuma sehemu kubwa ya utomvu mzito unaosokota tumbo.

Ukiwa na haraka, tumia maji ya moto: yachemshe, yaepue, yaache dakika mbili tatu, mimina juu ya majani, funika dakika 10, chuja. Zaidi ya hapo unaharibu. Kuyatokosa majani motoni nusu saa kama supu ya pweza hupunguza nguvu ya kulainisha choo na kuuvuta ule utomvu. Mtu anapata maumivu mengi na choo kidogo, kisha anasema sanamaki ya siku hizi ni mbovu.

Yapo pia mapokezi yanayotaja sana pamoja na sanuti, na wanavyuoni walihitilafiana sanuti ni nini: wapo waliosema asali, wengine shamari, wengine bizari nyembamba. Ibn al-Qayyim alipendelea kauli ya asali iliyochanganywa na samli, kwa hoja kwamba sana ikisagwa ikachanganywa humo na kulambwa, viwili hivyo huirekebisha na kuisaidia. Ukitaka njia hiyo, twanga majani yako kwenye kinu, pitisha unga kwenye chekecheke laini, chukua gramu 1, asali kijiko kimoja cha chai, samli nusu kijiko. Lamba usiku, unywe glasi ya maji juu yake. Mwenye kisukari aiache asali. Anayetaka shamari atie nusu kijiko kwenye maji ya kulowekea, iliyopondwa kidogo. Hupunguza gesi, na msokoto hauwi mkali. Tangawizi kipande cha ukucha nayo hufaa.

Asubuhi yake unywe maji kwa wingi. Dafu ni zuri kuliko soda, maana ndani yake mna potasiamu, na potasiamu ndiyo madini yanayopotea kwa wingi mtu anapoharisha. Mkojo ukigeuka rangi ya manjano iliyokolea au kuelekea wekundu, usishtuke. Ni rangi ya dawa, itaondoka.

Usiku mmoja, pengine miwili mitatu ikiwa choo kimefunga sana, inatosha. Kikomo ni wiki moja. Anayeinywa kila siku kwa miezi huishiwa na potasiamu: miguu hulegea, misuli hukaza usiku, moyo hudunda ovyo. Na tumbo likizoea kusukumwa, mtu hujikuta hapati choo bila kikombe, anaongeza kipimo, na mwisho hajui tena kama anaumwa ugonjwa au anaumwa dawa.

Wanaoitumia kila siku Lamu ni wa aina mbili hasa. Wa kwanza ni wanawake wanaotaka kukonda kabla ya arusi. Hapo sanamaki haina msaada hata chembe. Chakula hunyonywa kwenye utumbo mwembamba, na sanamaki huanza kazi baada ya hapo, wali na samli yake vikiwa vimeshaingia mwilini. Kilo inayopungua ni maji, nayo inarudi ukinywa maji. Zile pakiti za chai ya kukondesha nyingi zina jani hili hili ndani yake. Soma maandishi madogo utafute neno sena.

Wa pili ni wanaosomewa ruqya kwa ajili ya sihiri ya kulishwa, wakaambiwa wainywe siku saba au zaidi mpaka "kitoke". Kisomo ni kisomo, sina neno nalo. Ila jani humharisha kila mtu, mwenye sihiri na asiye nayo, na ule ute mweupe unaoonekana ni utelezi wa utumbo uliochokozwa. Akiendelea kunywa ili uishe, utazidi. Choo cheusi kama lami ni jambo jingine kabisa, kinaweza kuwa damu, na mtu huyo apelekwe hospitali.

Ramadhani ndipo choo hufunga zaidi: futari ya kaimati, vibibi na mahamri, mboga hakuna, maji kidogo. Lakini ndiyo wakati mbaya wa kunywa haluli. Ukiinywa baada ya tarawehe itakuharisha baada ya adhana ya Alfajiri, na mbele yako kuna saa zaidi ya 13 bila tone la maji. Mwezi huo anza na ukwaju, papai na tende wakati wa futari, na maji kidogo kidogo kutoka Magharibi mpaka daku. Ikishindikana, subiri siku usiyofunga.

Wasiopewa kabisa: mtoto chini ya miaka 12, mjamzito, anayenyonyesha, mwenye vidonda vya utumbo, mgonjwa wa figo. Anayemeza vidonge vya presha vya kukojoza au dawa ya moyo iitwayo digoksini naye asiiguse bila daktari kujua, maana potasiamu ikishuka dawa hizo humgeukia. Anayemeza vidonge vya majira ajue kwamba siku ya kuharisha kidonge kinaweza kupita bila kunyonywa. Ile desturi ya kuwapa watoto haluli ili minyoo itoke iachwe. Sanamaki haiui minyoo, na dawa ya minyoo ni kidonge tu.

Majani yakae kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kubana, gizani. Hewa ya bahari hapa huyalainisha kwa wiki chache, na jani lenye harufu ya uvundo si la kunywa.

Kabla ya kunywa, bonyeza tumbo. Maumivu yaliyoanzia kitovuni yakahamia chini upande wa kulia, pamoja na homa au kutapika, yanaweza kuwa kidole tumbo, na haluli hapo inaweza kukipasua. Tumbo lililovimba, gumu, halitoi hata upepo, nalo si la sanamaki. Na aliyekwisha kunywa akaharisha kupita kiasi atengenezewe maji ya chumvi: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi, anywe kidogo kidogo. Akianza kizunguzungu, au mkojo ukakatika, apelekwe hospitali. Wa Mkomani, hapa mjini, ana dakika chache za kutembea au kupanda punda. Wa mbali, kama Faza, Kizingitini au Kiunga, aangalie maji na upepo, aingie chomboni mchana kungali na mwanga.