Usiku Mmoja Kalangala: Panga Matembezi kwa Saa ya Meli

Watu wanaoniuliza kuhusu visiwa vya Ssese, huku Uganda katika Ziwa Victoria, huanza na hoteli: ipi nzuri, ipi ya bei nafuu, ipi ina chakula kitamu. Mimi huwaambia tuanze na saa. Meli ya abiria, MV Kalangala, huondoka Nakiwogo, hapa Entebbe, saa nane mchana, na hufika gati la Lutoboka kisiwani Bugala, penye mji wa Kalangala, karibu saa kumi na moja na nusu jioni. Kesho yake saa mbili asubuhi inageuza kurudi. Tuko jirani na ikweta, kwa hiyo jua huzama karibu saa moja jioni mwezi wowote wa mwaka, na likishazama giza halichelewi. Asubuhi huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja. Piga hesabu mwenyewe. Anayelala usiku mmoja ana saa moja na nusu ya mwanga jioni, na nusu saa hivi asubuhi kabla ya kupanga foleni ya kupanda meli. Basi.

Nimeishi Entebbe muda mrefu, na ndugu na marafiki wakitoka Nairobi, Mbale au Arua huniangukia mimi niwapangie safari hii. Naipenda, na inaniuma kuona mtu amelipa nauli, amesafiri saa tatu na nusu majini, halafu jioni yote inaishia mapokezi ya hoteli akibishana kuhusu chumba. Chumba weka kwa simu siku kadhaa kabla, lipa amana, uliza kama watu wao watakusubiri gatini. Kwa kawaida huwa wanasubiri. Mizigo wape, wewe vua viatu uingie mchangani papo hapo, kabla hata ya kuona kitanda chako.

Ile saa moja na nusu ya jioni ndiyo moyo wa safari ya usiku mmoja, na matumizi yake bora ni kutembea ufukweni kwa miguu, polepole, bila kupanda boda boda kukimbilia pengine. Ghuba ya Lutoboka imejikunja, hoteli zimepangana kandokando ya maji, na nyuma yake msitu unapanda mlima. Ukianzia gatini ukafuata ukingo wa maji, unapita mbele ya hoteli moja baada ya nyingine, na hakuna sheria inayokulazimisha kukaa kwenye ile utakayolala. Salimia, omba kupita, watu watakupisha. Tumbili watakuwa wanashuka mitini kuangalia nani ameacha chapati mezani. Ukiinua macho kwenye miti mikubwa unaweza kuwaona mbega, wale weusi wenye mkia mrefu mweupe, na hondohondo wakipita kwa kelele za mbawa zao nzito. Furukombe nao hulia jioni. Ukishausikia mlio wao juu ya maji tulivu hutauchanganya na wa ndege mwingine.

Usitarajie ufukwe mpana kama wa picha za zamani. Mei 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwahi kurekodiwa, likapita hata kile cha mwaka 1964, na fukwe nyingi za Entebbe na Kalangala zikamezwa. Maji yaliingia vyumbani, bustani zikaoza, wenye hoteli wakapoteza mali. Tangu hapo maji yamekuwa yakishuka na kupanda, na alama zake hazijafutika. Kuna mahali mchanga ni mpana wa kucheza mpira, na hatua chache mbele unakuta ukuta wa magunia ya mchanga, visiki vya miti iliyokufa kwa kuzama, au ngazi zinazoteremka moja kwa moja majini. Kwa hiyo unapoweka chumba, usiulize tu kama wana ufukwe. Uliza ufukwe ukoje mwezi huu, na mwambie akutumie picha aliyopiga wiki hiyo. Mwenye hoteli mwaminifu atakutumia.

Sasa suala la maji yenyewe, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Ziwa hili lina kichocho. Konokono wanaobeba vijidudu vyake hupenda maji ya kina kifupi yaliyotulia, yenye matete na majani, na vijidudu hivyo hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia mchana kati. Hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda, na dakika chache zinatosha. Hata kutumbukiza miguu huku unatembea ni kugusa maji. Siwezi kukuambia kuna ufukwe ulio salama kabisa, kwa sababu mchanga mweupe na maji meupe si cheti. Ninachofanya mimi ni kutembea kwenye mchanga mkavu, kukaa mbali na matete, na kuwazuia watoto wasicheze kwenye vidimbwi vya kando. Ukiamua kuogelea, au watoto wakikuponyoka, usianze kuingiwa na hofu. Weka alama kwenye kalenda. Baada ya wiki sita hadi nane nenda kituo cha afya upimwe. Dawa yake, prazikwanteli, ipo na inatibu. Ukipima mapema mno majibu yanaweza kukudanganya kwamba uko salama. Chandarua na dawa ya kupaka ya mbu sina haja ya kuvirefusha: malaria ya kandokando ya ziwa mnaijua.

Usiku una mambo yake. Hoteli nyingi huwasha moto ufukweni, na baadhi hupiga muziki hadi usiku wa manane. Kama umekuja kwa ajili ya utulivu, uliza mapema, na omba chumba cha upande wa mlima. Chakula agiza ukishafika tu, kabla ya kuanza matembezi, kwa sababu samaki hupikwa akishaagizwa na jiko linahudumia meli nzima kwa wakati mmoja. Ngege, yaani tilapia, wa kukaanga mzima ndiye chaguo langu siku zote. Sangara, ambaye hapa tunamwita mputa, ni mzuri kwenye mchuzi.

Asubuhi ya siku ya meli usijipangie mambo makubwa. Amka gizani, oga, funga begi, kisha toka ukatembee dakika ishirini pale pale mbele ya hoteli mwanga unapoingia. Mji wa Kalangala uko juu mlimani, na kutoka huko ziwa na visiwa vingine vinaonekana vizuri sana, lakini kuupanda na kurudi kabla ya saa mbili ni kujitafutia jasho na wasiwasi bure. Meli haimsubiri mtu.

Hii ndiyo sababu nawaambia watu: mkiweza, laleni usiku mbili. Tofauti yake ni kubwa kuliko gharama yake. Ile siku ya katikati ndiyo inayokupa kisiwa chenyewe.

Siku hiyo anza na kupanda mjini asubuhi kwa miguu, kabla jua halijakaza. Njia inapita msituni, na historia ya msitu huo watu wengi hawaijui. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale, ugonjwa wa usingizi, yaliua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya ziwa hili, Busoga na Buganda. Ugonjwa ulienezwa na mbung'o, na serikali ya kikoloni ikaamua kuwahamisha watu wa visiwani na pwani ya ziwa. Ssese ikabaki mahame. Vijiji vikaachwa na mashamba yake, msitu ukayatwaa, na watu waliporuhusiwa kurudi miaka kadhaa baadaye walikuta miti pale ambapo babu zao walilima. Ukipita chini ya miti ile, jua kwamba unapita juu ya vijiji vya watu.

Kabla ya malale, visiwa hivi vilikuwa na heshima nyingine. Waganda huliita ziwa Nalubaale, na Mukasa, mungu wake, madhabahu yake makuu yalikuwa kisiwa cha Bubembe. Makabaka, wafalme wa Buganda, walipeleka sadaka huko. Mpaka leo yapo maeneo ya ibada visiwani, mengine ni mti au mwamba tu ambao mgeni hawezi kuutambua. Kwa hiyo ukitaka kutembea nje ya barabara, tafuta mwenyeji wa kukuongoza na umlipe. Akikwambia hapa hatupigi picha, weka simu mfukoni.

Mjini kula rolex ya moto barabarani, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, kisha tafuta boda boda wa kukuzungusha. Patana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hujapanda. Mwambie akupitishe kwenye michikichi. Mashamba hayo yalianza kupandwa miaka ya 2000 kwa ajili ya mafuta ya mawese na leo yamefunika sehemu kubwa ya Bugala, mistari na mistari mpaka macho yanachoka. Kuna wakulima wadogo waliojenga nyumba na kusomesha watoto kwa mkungu wa mchikichi, nawaheshimu. Lakini msitu uliokatwa kuipisha ulikuwa wa ajabu, na mimi ukiniuliza, bei iliyolipwa ilikuwa kubwa mno. Nenda ukaone kwa macho yako, uongee na mkulima, uamue.

Kisha mwambie akushushe mwaloni, pale boti za wavuvi zinapotia nanga, Mwena, karibu na mji. Hapa kaa. Wageni wengi hupita wakiziba pua, wakapiga picha mbili na kuondoka, na ni hasara yao. Mukene, dagaa wa hapa, huvuliwa usiku kwa taa, na asubuhi wanawake huwamwaga juu ya nyavu zilizotandazwa chini na kuwasambaza kwa mikono, kila mmoja apate jua. Mama mmoja alinionyesha namna ya kuwapima ukavu: unamvunja katikati, akikatika kwa mlio yuko tayari, akikunjika mrudishe juani. Wale waliokauka kwenye nyavu au kwenye chanja hawana mchanga, na bei yao ni nzuri zaidi kuliko wa kuanikwa mchangani bila wavu. Mvua ikinyesha kabla ya saa sita, kazi ya usiku mzima inageuka chakula cha kuku. Nunua kilo moja au mbili hapo, mkononi mwa aliyeanika. Na ukitaka kupiga picha omba kwanza, kwa salamu ya kweli, si kwa kuinua simu na kutabasamu.

Kuna watu hutaka kuongeza visiwa vingine: Bukasa, Banda, Bufumira. Ssese ina visiwa 84, huwezi kuvimaliza, na kila kimoja kinahitaji boti nyingine na siku nyingine. Usivichomeke kwenye safari fupi. Kisiwa cha Ngamba, penye sokwe mtu, ni safari ya pekee kutoka Entebbe kwenda na kurudi siku moja, si ya kuunganisha na Kalangala. Kiko kilomita 23 hivi kutoka Entebbe, hifadhi yake ilianzishwa mwaka 1998 kwa sokwe waliookolewa mikononi mwa wawindaji na wafanyabiashara, na leo wapo karibu hamsini. Weka nafasi mapema, na ukiwa na mafua usiende, kwa sababu sokwe huambukizwa magonjwa yetu.

Kwa boti yoyote ile, kubwa au ndogo, vaa jaketi la kujiokolea na ulifunge. Lisiwe la kukalia. Novemba 2018 boti ya starehe ilizama upande wa Mukono na zaidi ya watu 30 wakafa, wakati ufukwe ulikuwa unaonekana. Ilikuwa imejaza kupita kiasi na wengi hawakuvaa majaketi. Ziwa hili hubadilika ghafla. Usiku maji huwa na joto kuliko nchi kavu, hewa inakusanyika juu yake, na dhoruba kubwa huzuka usiku wa manane hadi alfajiri. Nahodha wa boti ya mbao akikwambia tuondoke alfajiri huku radi inaonekana upande wa kusini, mwambie unasubiri. Miezi ya Juni hadi Agosti, na Januari hadi Februari, ndiyo huwa na afadhali.

Meli nayo ni chombo, huharibika na huenda matengenezo. Kabla ya kutoka nyumbani piga simu hotelini uulize kama inasafiri wiki hiyo, kwa sababu wao wanajua kuliko tangazo lolote. Fika Nakiwogo saa tano au saa sita mchana. Nafasi ni za watu mia moja na ushee na magari machache tu, kwa hiyo kwa usiku mmoja gari liache Entebbe. Beba pesa taslimu za kutosha kurudi, maana mtandao ukikatika pesa ya simu haikusaidii kitu. Na ukiikosa meli ya asubuhi, hujakwama. Panda gari la kwenda Luku, zaidi ya kilomita 30 upande wa magharibi wa kisiwa, uvuke kwa kivuko cha bure hadi Bukakata. Kinavuka mara kadhaa kwa siku na hakichukui saa nzima. Kutoka hapo kuna lami hadi Masaka, na Masaka magari ya Kampala hayakauki. Utafika jioni, umechoka na vumbi la barabara ya Luku limekujaa, lakini utafika.