Ukienda Kijijini, Rudi na Jibu

Kila mwaka vyuo vikifunga, hunijia vijana wawili watatu kujifunza kazi ya uhifadhi shirikishi, yaani kuhifadhi misitu na wanyama pamoja na wanakijiji. Wengine wametoka chuo kikuu cha kilimo, SUA Morogoro, wengine chuo cha wanyamapori Mweka au cha misitu Olmotonyi. Tunakutana asubuhi Gongo la Mboto, tunapanda gari la Kisarawe, na kabla hatujafika Pugu swali limeshatoka: nianzie wapi? Nimelijibu kwa mdomo mara nyingi, sasa naliandika.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipelekwa kijiji kimoja kusini mwa wilaya ya Kisarawe, upande wa Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Tembo walikuwa wameingia usiku shambani kwa bibi mmoja. Mahindi yaliyokwisha kubeba yamelazwa chini, mihogo imeng'olewa. Nilipima shamba kwa hatua, nikajaza fomu, bibi akaweka dole gumba, nikapiga picha za nyayo. Fomu niliifikisha wilayani siku ileile, na kwa akili yangu kazi ikawa imekwisha.

Miaka miwili baadaye tulirudi kijijini hapo kuzungumzia kutenga sehemu ya ardhi yao iwe msitu wa hifadhi wa kijiji. Bibi yule alikuwa amekaa mbele. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Hakuitikia. Mliokulia Pwani mnajua mtu mzima kutoitikia shikamoo mbele ya watu ni jambo zito kiasi gani. Zamu ya maswali ilipofika akasimama: "Mwanangu, si wewe uliyekuja kuandika shamba langu? La kwanza limeishia wapi, hata umeleta la pili?"

Hakuna aliyegomba. Watu walinyanyuka mmoja mmoja, wakakunja mikeka yao, wakaenda. Msitu ule ulichelewa kutengwa miaka mitatu.

Kilichoniuma zaidi nilikigundua baadaye: jibu lake lilikuwepo. Shamba lilikuwa limepakana kabisa na pori, na kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi, malipo ya serikali kwa waliodhuriwa na wanyamapori, haziwalipi wenye mashamba yaliyo ndani ya nusu kilomita kutoka mpaka wa hifadhi. Wilayani walijua, ila hakuna aliyekwenda kumwambia, nami ndiye niliyepaswa kwenda. Ningempelekea ile "hapana" mapema angeninunia wiki moja, mbili. Nilipokaa kimya akaamini nilimdanganya, na jirani zake wakaamini hivyohivyo.

Basi kanuni hizo zisomeni kabla hamjakanyaga shamba la mtu. Kifuta jasho ni cha mazao na mifugo, kifuta machozi ni cha mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Vyote viwili ni mkono wa pole, si fidia. Ukitamka neno "fidia" mbele ya mkulima umeshamwahidi thamani ya shamba zima. Kanuni hizo za 2011 ziliweka kikomo cha kulipia ekari 5. Tena zinahusu wanyama walioorodheshwa kuwa wakali au waharibifu, kama tembo, kiboko, nyati, simba na mamba. Nyani na nguruwe pori, wanaomaliza mihogo ya watu kila siku, hawamo. Yaseme haya siku ya kwanza, kabla hujatoa kalamu. Inauma kuyasema, najua.

Huku kwetu kwenye misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, jirani kabisa na jiji, tembo si tatizo. Kuna tumbili, nyani, nguruwe pori, na usiku komba. Mmoja wao ni komba mdogo wa Rondo, aliyepewa jina la uwanda wa Rondo kule Lindi, ambaye dunia nzima anapatikana katika vipande vichache tu vya misitu ya pwani ya Tanzania. Mimi nikimsikia usiku nasimama. Lakini usitegemee mama anayechoma mkaa asimame kwa sababu ya komba. Ukiulizwa "mnyama huyu anatufaa nini?" usihutubie. Mimi huwaambia kuhusu Mto Msimbazi, kwamba unaanzia vilima hivihivi vya Pugu, unapita Jangwani na kumwaga maji baharini karibu na Daraja la Selander. Karibu kila mtu ana ndugu aliyewahi kuhamishwa na maji bondeni kule. Mlima uliovuliwa miti na nyumba iliyojaa tope ni habari moja, na hiyo wanaifahamu kuliko sisi.

Na mkaa, tafadhali, msiuzungumze kana kwamba aliyeuchoma ndiye aliyeutafuta. Magunia yale yanakuja kupikia kwetu, Dar es Salaam.

Jambo la mamlaka huwachanganya wengi. Ukivuka kutoka Pugu ya Ilala kwenda upande wa Kisarawe, njiani huoni tofauti, ila kisheria umebadilisha dunia. Kijiji kina halmashauri yake na mkutano mkuu wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Kinasimamia ardhi yake kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na kinaweza kutunga sheria ndogo. Mtaa, kama ilivyo Pugu ya Ilala, hauna uwezo huo. Sheria ndogo zake zinatoka halmashauri ya jiji au manispaa. Nimeona mwenzangu akitumia siku nzima kumshawishi mwenyekiti wa mtaa atunge sheria ya kuzuia uchomaji moto. Mzee alikuwa mpole, akamsikiliza hadi mwisho.

Vilevile msitu wa hifadhi wa serikali kuu, ulio chini ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, wananchi wanaingia kwa makubaliano ya usimamizi wa pamoja. Msitu ulio kwenye ardhi ya kijiji na kutengwa na kijiji chenyewe, hapo wao ndio wasimamizi. Ukichanganya mambo haya mawili utawaahidi mapato ambayo si yako kuyatoa.

Sheria ndogo ikipitishwa na mkutano mkuu haijaanza kazi. Inakwenda halmashauri ya wilaya, madiwani waidhinishe. Hapo katikati ndipo mambo yanapofia: kamati ya maliasili ya kijiji imeshaanza doria, imekamata baiskeli na magunia, inatoza faini isiyo na sheria nyuma yake. Mtuhumiwa akienda mahakamani kamati ndiyo inayoaibika. Ifuatilieni karatasi mkononi, na kila mwezi mpelekee mtendaji taarifa imefika meza gani. Faini zikianza kukusanywa, ziwe na stakabadhi, na mapato na matumizi yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kila miezi mitatu. Yasomwe hata kama ni shilingi elfu kumi. Kamati nyingi nilizoona zikivunjika hazikuvunjwa na majangili, bali na minong'ono kuhusu fedha ambazo pengine hata hazikuibwa.

Hata uzio wa pilipili wa kuzuia tembo ni hivyohivyo, unataka kufuatiliwa. Kufundisha ni nusu siku: kamba ya katani, vitambaa vilivyochovywa kwenye pilipili ya unga na oili chafu, vigingi kuzunguka shamba. Mvua ikinyesha ukali unapungua, lazima vichovywe tena. Asiporudi mtu kuuliza nani ana pilipili, nani ameishiwa oili, msimu unaofuata utakuta kamba imefanywa ya kuanikia nguo.

Ninyi mtakaokusanya takwimu za utafiti, matokeo yaleteni kwa Kiswahili, kurasa mbili zinatosha, yasomwe pale mlipouliza maswali.

Mimi natumia daftari la kawaida la shule. Ukurasa wa kushoto naandika swali, jina la aliyeuliza na tarehe. Wa kulia naacha wazi mpaka siku nitakapopeleka jibu kwa mwenyewe, si kwa mwenyekiti. Jioni kabla ya safari nakaa nyumbani naangalia kurasa za kulia zilizo tupu, na ndizo zinazoniambia kesho nishuke kituo gani. Ukihamishwa, mkabidhi anayekuja daftari hilo kabla ya funguo za pikipiki, na mwende naye angalau kwa mwenye swali la zamani kuliko yote.