Mob si wahuni tu jamani

Mpwa wangu wa Wete kanitumia voisi anauliza, "Mjomba, mwalimu wa skuli katwambia mob ni kundi la wahuni wanaovunja maduka, na nyie Australia kila siku mob mob, sasa mnaishi vipi huko, nije nisije?" Nijibu hapa hapa mana wengi mna suali hilo hilo.

Mwalimu hajakosea. Waingereza wamelikata kwenye Kilatini, mobile vulgus, yaani umma unaogeukageuka, tokea miaka ya 1600 huko. Marekani ndio wanawaitia Mafia, yale magenge ya majambazi. Na mie nilikuja na maana hizo hizo.

Sasa mie nachinja kondoo, kazi ya halali, machinjioni Australia Magharibi. Wiki ya kwanza bosi kanambia kesho alfajiri inakuja mob kubwa ujiweke tayari. Wallahi sikulala, mlango nimefunga nimeegemeza na kiti, sie tuliokuwepo Pemba Januari 2001, polisi walipowapiga risasi waandamanaji, neno la vurugu halitupiti hivi hivi. Asubuhi nafika naona malori mawili ya kondoo. Ndio mob yenyewe! Huku kondoo mob, ng'ombe mob, hata kangaroo mob.

Halafu kuna mzee pale kazini, katika wale wenyeji wa asili, tunakunywa chai kaniuliza mob yako ipi. Nikanuna, nikajua kaniita mhuni. Kumbe ananiuliza watu wako kina nani, kwenu wapi, vilevile bibi wa kwetu anavyokusimamisha njiani, we mtoto wa nani? Nikamtajia baba, babu, mpaka Limbani nyumba ya tatu kutoka msikitini, yeye anatikisa kichwa tu anasikiliza. Miaka minne niko huku, hakuna mwengine alokwisha kuniuliza.

La kuja sasa. Pesa ipo sikufichi, ila kodi ya nyumba inakula karibu nusu, na mwezi wa saba baridi vidole havikunjiki kisu unakishika kwa imani. Mwaka jana niliumwa siku nne, aliyegonga mlango mtu wa kusoma mita ya umeme basi. Kwetu ukikosa sala moja tu watu washajaa ukumbini na uji.

Ukitaka kuja maliza skuli kwanza. Na usinipigie saa nne za usiku, huku saa tisa, nimebakisha saa moja ya kulala.