Stovu ya peleti used kwa dola 600, nichukue au niache?

SWALI: Fundi habari za kazi. Tumenunua nyumba ya zamani hapa Lewiston, jimbo la Maine, Marekani, inapashwa joto na boila ya mafuta na bili imetushinda. Nimepata stovu ya peleti (vile vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa) used dola 600, muuzaji ameshaing'oa iko kwenye gereji yake, anasema inafanya kazi vizuri na mabomba yake ananipa bure. Mume wangu anataka tuifunge wenyewe sebuleni, moshi tuupitishe kwenye dohani ya boila, ikishindikana tutoboe ukuta tutoe kwa bomba la draya, ile mashine ya kukaushia nguo. Je ni sawa? Tutahitaji mifuko mingapi kwa winta? Na umeme ukikatika inakuwaje?

JIBU: Salama dada, poleni na bili, mafuta huko Maine yanawamaliza wengi. Ngoja nianze na bomba maana hapo ndo pameniogopesha, stovu yenyewe tutaifikia.

Bomba la draya hapana kabisa, mwambie shemeji aliweke chini. Stovu ya kuni moshi wake unapanda wenyewe, dohani inauvuta, lakini ya peleti ina feni inayousukuma nje kwa nguvu, kwa hiyo bomba lote lina presha ndani na popote palipo na upenyo moshi unaingia sebuleni pamoja na ile gesi ya kaboni monoksaidi ambayo haina harufu wala rangi. Lile la draya ni jepesi, halijatengenezwa kwa moshi wa moto, maungio yake hayazibi na majivu yanakaa kwenye mikunjo mpaka linaziba. Linalotakiwa ni bomba la aina ya PL, lina kuta mbili, ya ndani stenlesi, na kila kiungo kinazibwa na silikoni ya kuhimili joto kali. Msije mkauziwa la gesi, linafanana lakini ndani ni aluminiamu, majivu ya peleti yakichanganyika na unyevu yanalila.

Dohani ya boila nayo acheni, boila bado inaitumia na mioto miwili ya fueli tofauti haichangii njia moja.

Kwa hiyo ni ukutani. Ukubwa wa bomba unapigiwa hesabu kwa pointi hivi: kila futi ya mlalo ni 1, futi ya kupanda ni nusu, kona ya digrii 90 ni 5, ya digrii 45 ni 3. Chukulia yenu inatoka futi 2 za mlalo kupita ukuta, nje kuna tii, kiungo cha umbo la T, yenye kifuniko cha kusafishia chini (hio hesabu 5), inapanda futi 6 ambazo ni 3, halafu kona ya juu 5. Jumla 15, na hapo ndo mwisho wa bomba la inchi 3 kwa stovu nyingi, ikizidi mnaenda inchi 4. Najua kuna watu wanatoboa tu wanatoa moja kwa moja bila kupanda, wanaokoa hela, ila mimi siwapendekezei na nitakwambia kwa nini nikifika kwenye umeme.

Pale bomba linapopita ukutani lazima kuwe na fremu yake ya chuma, maana nyumba zenu ni za mbao, na umbali wa kukaa na mbao umeandikwa kwenye bomba lenyewe. Mdomo wa nje uwe mbali na dirisha linalofunguka, kawaida futi 4 kwa pembeni au futi 1 juu yake, lakini manyuo ya stovu, yaani kitabu chake cha maelekezo, ndo yenye neno la mwisho. Na fikirieni theluji, Agosti unaona bomba liko juu kabisa, Februari limefukiwa.

Hayo mabomba ya bure sasa. Mi ningeyaacha. Yameshazungushwa na kung'olewa, silikoni imekatika, kwenye maungio huwa yamepinda kidogo na yakipinda hayazibi tena. Seti mpya ni dola mia kadhaa, inaweza hata kupita bei ya stovu, kwa hiyo ukipiga hesabu ya 600 umepiga nusu.

Haya tuje kwenye stovu. Kabla hujatoa hela tafuta lebo, mara nyingi iko mgongoni au ndani ya mfuniko wa hopa, lile sanduku la kumiminia peleti. Inatakiwa ionyeshe modeli, namba ya siriali, umbali wa kukaa na ukuta, na kiwango ilichopimwa nacho, ASTM E1509 ndo cha stovu za peleti. Lebo ikiwa imebanduliwa usinunue hata kwa 200, maana mkaguzi wa mji ataikataa na bima ya nyumba pia, na moto ukitokea ndo utajua bima ni watu gani. Ukiwa na modeli tafuta manyuo, halafu pigia duka uliza spea zinapatikana? Harman kwa mfano utazipata kirahisi, ila kuna kampuni zilishafungwa na bodi yake ya umeme inayoiongoza ikifa umebaki na boksi la chuma zito la kuwekea maua.

Pale gereji nenda na tochi, noti ya dola moja na glavu za kuvaa mikononi. Fungua hopa kwanza. Kama peleti ziliachwa humo kiangazi kizima zimevuta unyevu, zinavimba zinarudi kuwa unga wa mbao na ule unga unaganda kwenye oga, ile skrubu ndefu inayosukuma peleti, mpaka unakuwa kama zege na mota inaungua ikijaribu kuzungusha. Ukiona kutu na unga ulioganda chini, punguza bei au ondoka. Halafu bana ile noti kwenye mlango, funga, vuta. Ikichomoka bila kushikwa basi gasketi, ile kamba ya kuzibia mlango, imekwisha, hio ni rahisi kubadilisha. Mulika tochi ukuta wa nyuma wa chumba cha moto na kwenye mirija ya joto, ukiona ufa au tundu hapo achana nayo, hakuna cha kuchomelea, moshi utachanganyika na hewa mnayovuta. Angalia na waya, panya wanapenda sana kulala kwenye feni.

Mwambie achomeke umeme. Bila bomba msiwashe moto humo ndani, lakini feni ya moshi inatakiwa ianze mara moja bila kupiga kelele ya beringi, oga ianze kuzunguka kidogo inasimama kidogo (mlango uwe umefungwa, nyingi haizunguki mlango ukiwa wazi), na kile chuma cha kuwashia kiive chekundu baada ya dakika chache. Feni ya kupuliza joto haitaanza sababu stovu iko baridi, usiogope hio. Kiwashio ni spea ya bei ndogo, feni mia na kitu, bodi ndo inauma.

Vyote hivyo vikiwa sawa 600 inalipika, mi ningeanza na 450.

Kufunga wenyewe inawezekana ila nendeni kwanza ofisi ya mji mkaulize kibali, pigieni na bima. Chini ya stovu kiwe kitu kisichoungua kwa ukubwa ulioandikwa kwenye manyuo, na kengele ya kaboni monoksaidi muweke sebuleni na karibu na vyumba vya kulala. Majivu yanatolewa kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, inakaa nje, sio varanda ya mbao!

Mifuko: mmoja ni pauni 40, kama kilo 18, na 50 ndo tani. Joto la tani moja linakaribia la galoni 120 za mafuta, linganisha na bili yenu utaona mwenyewe. Siku ya kawaida ya baridi utatumia mfuko mmoja, zikija zile za chini ya sifuri Farenhaiti hata miwili, kwa hiyo nyumba ya wastani inakula kama tani 3 kwa winta. Nunueni mapema kabla ya Septemba, na zikae pakavu juu ya fremu ya mbao, sio sakafuni, besimenti ya zamani ina unyevu. Boila msiiondoe, vyumba vya mbali na mabomba ya maji bado vinaitegemea.

Umeme ukikatika stovu inazima. Feni inasimama, peleti zilizokuwa zinawaka zinaendelea kutoa moshi dakika kadhaa, na kama bomba nje limepanda zile futi 6 moshi unavutwa wenyewe, kama limetoka mlalo tu unarudi ndani. Wenyeji bado wanasimulia barafu ya Januari 1998, kuna nyumba zilikaa zaidi ya wiki mbili gizani. Stovu inakula kama wati 100 ikishawaka na mara nne ya hapo ikiwa inajiwasha, kwa hiyo betri yenye inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya aina ya "pure sine wave", yaani inayotoa umeme safi, inatosha kwa masaa machache, kwa siku nzima jenereta ndogo ya inveta. Jenereta za bei rahisi umeme wake mchafu unaua bodi. Na jenereta yoyote ikae nje kabisa mbali na madirisha, hata gereji yenye mlango wazi hapana.