Kabla ya Kupanda Rwenzori, Soma Ramani Yake

Aliyezoea Kilimanjaro, mlima uliosimama peke yake uwandani, hudhani kwamba Rwenzori hupandwa vivyo hivyo. Sivyo. Hii ni safu yenye urefu wa takriban kilomita 120, iliyolala mpakani mwa Uganda na Kongo karibu na ikweta, na ndani yake mna milima sita mikubwa inayotenganishwa na mabonde: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Haikutokana na volkeno, bali ni miamba ya kale iliyosukumwa juu pale Bonde la Ufa lilipokuwa likipasuka. Kilele cha Margherita, chenye mita 5,109, kiko kwenye Stanley, ndani kabisa ya safu, hivyo mpandaji hutembea siku kadhaa bila kukiona.

Ushauri wangu mkuu ni kujiandaa kwa maji kabla ya kujiandaa kwa baridi. Januari, Februari, Julai na Agosti huwa na nafuu, lakini hata miezi hiyo mvua hainyimi mtu zamu yake. Ukishapita kambi ya John Matte katika bonde la Bujuku, upande wa Uganda, kwenye mita 3,505, unaingia kinamasi cha Bigo, ambako mashina ya nyasi ngumu yamesimama katikati ya tope jeusi, na kila shina hutikisika ukilikanyaga pembeni. Panapo njia ya mbao, usiiache. Pasipo na mbao, pima kina kwa fimbo ndipo uweke mguu. Vaa mabuti ya mpira yanayofika karibu na goti, yenye nafasi ya soksi mbili, kwa maana kidole kinachobanwa kwenye mteremko hukuchosha kuliko mwinuko wenyewe. Viatu vya kupandia barafu vikae mzigoni hadi kambi ya juu.

Kwa upande wa Uganda, watu wengi huanzia Nyakalengija na kufuata bonde la Bujuku, au huanzia Kilembe na kufuata bonde la Nyamwamba, njia iliyo ndefu zaidi. Mimi napendelea ya kwanza, kwa sababu inakuwezesha kurudi kupitia maziwa ya Kitandara badala ya kukanyaga tope lile lile. Upande wa Kongo, njia ya Mutwanga imo ndani ya Hifadhi ya Virunga, na hali ya usalama huko haimruhusu mtu kwenda kwa kubahatisha.

Kuhusu theluji, usiamini picha za zamani. Barafu aliyoikuta Duke wa Abruzzi, mwanamfalme Mwitalia aliyefika Margherita mwaka 1906, imeyeyuka kwa sehemu kubwa, na mahali palipokuwa na mteremko mweupe pamebaki mwamba mtupu unaoteleza. Mwulize kiongozi wako, kabla ya kulipa, barafu ya Stanley ikoje mwezi huo na kamba zimefungwa wapi. Akijibu kwa jumla jumla, tafuta mwingine.