Picha pana kwa Bolex ya mjomba

SWALI: Shikamoo mzee. Mjomba aliniachia kamera ya Bolex H16, ya filamu ya milimita 16. Nataka kupiga mitumbwi ya dagaa inapotoka usiku na karabai, picha iwe pana kama ya runinga za siku hizi. Inawezekana?
– Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Inawezekana, lakini usianze kuichonga kamera kwa tupa! Fungua mlango wa kamera utazame magurudumu ya meno yanayovuta filamu. Yakiwa na meno pande zote mbili, iache ilivyo; filamu ya picha pana ina matundu upande mmoja tu.

Meno yakiwa upande mmoja, fundi atapanua dirisha la filamu, yaani tundu linalopitisha mwanga hadi kwenye filamu, kuelekea ukingo usio na matundu, kutoka upana wa milimita 10.26 hadi 12.52. Hiyo ndiyo Super 16, aliyoibuni Msweden Rune Ericson. Lenzi nayo isogezwe milimita 1.13, la sivyo kitovu chake kitakuwa pembeni ya picha. Na rola zinazoongoza filamu je? Wengi huzisahau, nazo ndizo zinazokwaruza eneo jipya: mstari mmoja mrefu juu ya maji meusi, filamu nzima.

Kwa giza la mwezi nunua filamu ya ISO 500, inayohisi mwanga hafifu. Ukipeleka kuskaniwa, yaani kugeuzwa picha za kidijitali, sema waziwazi ni Super 16, waskani hadi ukingoni. Mtambo uliopangiwa fremu ya kawaida utakata sehemu ileile uliyomlipa fundi.