Maswali Yenu: Chumba cha Ghorofani, Notisi ya Wiki Moja na Vyuma vya Kitanda

Barua za safari hii zimetoka jimbo la Washington, Marekani, ambako Wakenya na ndugu zao wengine wa Afrika Mashariki wanaendesha, au wameajiriwa katika, nyumba za kawaida zenye leseni ya kutunza watu wazima, aghalabu wasiozidi 6.

Habari za kazi? Nimebakiwa na chumba kimoja kitupu, kiko ghorofani. Nimeletewa mzee wa miaka 81, akili timamu, anatembea na fremu ya kujishikilia. Ngazi anapanda akishikwa mkono. Nimpokee? – Msomaji, Tacoma

Kwa chumba hicho, hapana. Kanuni za jimbo zinataka, ukitokea moto au dharura nyingine, kila anayeishi humo awe ameshatoka nje, mahali salama, ndani ya dakika 5. Anayehitaji msaada lazima awe na njia ya kutokea isiyopita chumba cha kulala cha mtu mwingine, na isiyotegemea ngazi, lifti wala kiti cha umeme cha kupandia ngazi. Wa kujitegemea ni yule anayetoka mwenyewe, bila mtu wala kifaa cha kutembelea, pengine baada ya kuambiwa mara moja tu. Huyo wako, fremu peke yake ingetosha kumtoa katika kundi hilo, sembuse mkono.

Kama chini yuko mkazi anayejitegemea, naye kwa hiari yake anakubali kuhamia juu, hapo pana mazungumzo. Asipotaka, basi, chumba ni chake.

Tena usiangalie ngazi tu. Tathmini ya mahitaji ya mzee iwe mkononi mwako kabla hajafika, na ukurasa wa kuusoma mara mbili ni ule wa usiku: anaamka mara ngapi, anainuliwa na watu wangapi. Anayeinuliwa na wawili hafai nyumba yenye mhudumu mmoja usiku, hata malipo yawe mazuri vipi. Siku ya kuingia uwe na mpango wa awali wa huduma. Ule kamili, mliokubaliana naye, ukamilike ndani ya siku 30.

Mazoezi ya kutoka nje kwa dharura hufanywa angalau kila miezi miwili, na mara moja kwa mwaka wakazi wote watoke pamoja. Nyumba nyingi hufanya zoezi saa nne asubuhi, wahudumu wawili wapo, wazee wameshavaa viatu. Saa hiyo kila mtu anafaulu! Fanyeni pia wakati wamelala, vifaa vya masikio viko mezani, mhudumu ni mmoja. Anzeni kuhesabu king'ora kinapolia, msingoje hadi mzee aketi kitandani.

Baba yetu ana ugonjwa wa kusahau, na ametoka nje peke yake mara mbili. Mwenye nyumba anatupa wiki moja tumwondoe. Ni halali? – Binti, Kent

Kwa kawaida notisi ni ya maandishi na ya siku 30, ikitaja sababu, tarehe, anakopelekwa na namna ya kumfikia mtetezi wa jimbo wa haki za wakazi wa nyumba hizi za matunzo (ombudsman), ambaye huduma yake ni bure. Sababu zinazokubalika ni chache: mahitaji yake yamezidi uwezo wa nyumba, usalama au afya ya watu iko hatarini, hajalipa baada ya kukumbushwa, au nyumba inafungwa. Muda hupungua pakiwa na hatari ya haraka. Muulizeni kwanza mwenye nyumba amejaribu nini: king'ora cha mlangoni, ratiba mpya ya jioni, daktari kupitia upya dawa? Kumfungia mzee ndani kwa kufuli si jibu. Na kama nyumba haina kibali cha kupokea wenye ugonjwa huo, anzeni kutafuta yenye nacho huku siku zikihesabika.

Familia imeleta vyuma vya pembeni mwa kitanda ili mama asianguke. Tuvifunge? – Mhudumu, Federal Way

Msivifunge kwanza. Aliyechanganyikiwa huvipanda, akaanguka kutoka juu zaidi. Au kichwa hupenya kati ya chuma na godoro, akabanwa shingo. Mwongozo wa mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani unataka nafasi hizo ziwe chini ya milimita 120. Godoro la hewa huzidisha hatari kwa sababu hubonyea ukingoni, kwa hiyo pimeni huku mkilikandamiza. Lakini kabla ya kupima, tathmini ifanyike, njia nyingine zifikiriwe (kitanda cha kushushwa hadi chini, mkeka mnene sakafuni), mama na familia waelezwe hatari, na uamuzi uandikwe katika mpango wake. Vyuma vya kumzuia asishuke, ili mhudumu apumzike, ni marufuku.

Maji ya bafuni yawe moto kiasi gani? – Msomaji, Everett

Nyuzi 105 hadi 120 za Fahrenheit. Kwa 140, ngozi huungua vibaya ndani ya sekunde chache. Pimeni kwa kipimajoto kwenye bomba analotumia mkazi, baada ya maji kutiririka dakika mbili tatu. Namba za kwenye hita hudanganya.